Upele wa Jasho: Haya Zisituzuie Tiba

Kaskazi inapovuma, kuanzia Desemba hadi Machi, joto la Bofu huchanganyika na unyevu wa bahari, na jasho lililo chini ya buibui halikauki upesi. Ngozi husuguana mapajani, kwapani na chini ya matiti hata ikachubuka, na hapo fangasi hupata makao. Dalili zake ni mwasho na upele wenye ukingo uliokoza, unaotanuka kidogo kidogo.

Akina mama wengi huona haya kumwonyesha daktari, wakanunua dukani krimu iliyochanganywa na steroidi. Mwasho hutulia, lakini kinga ya ngozi hudhoofika na fangasi huzidi kuenea. Dawa ifaayo ni krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1. Ipakwe mara 2 kwa siku juu ya ngozi safi iliyokauka, ipite kidogo ukingo wa upele, na iendelee kwa wiki 2 baada ya upele kutoweka.

Kinga yake ni ukavu. Baada ya kuoga au kutawadha, futa mikunjo yote ya mwili na baina ya vidole vya miguu. Vaa nguo za ndani za pamba, zianike juani, na kila mtu awe na taulo yake.

Upele ukirudi mara kwa mara, nenda ukapimwe sukari, kwani huenda kisukari ndicho chanzo. Nawe dada unayesitiri mwili wako, waweza kuomba uonwe na muuguzi mwanamke.