Gitaa la besi la oda: Mnunuzi ajue anachokosa kabla ya kulipa

KWA mpiga besi aliyezoea gitaa la dukani, hakuna ndoto tamu kama ya kumiliki gitaa lililochongwa kwa ajili yake pekee: shingo inayotoshea kiganja chake, mbao alizochagua mwenyewe na sauti isiyopatikana kwa mwenzake.

Ndoto hiyo ina gharama. Gitaa la oda kutoka kwa mafundi wanaotajika Marekani na Ulaya huuzwa kwa maelfu ya dola, na yapo yanayopita dola 10,000. Mnunuzi hutakiwa kulipa sehemu ya fedha mapema, kisha akasubiri kwa miezi mingi. Na kwa kuwa chombo chenyewe kimetengenezwa kwa vipimo vya mtu mmoja, asipokipenda kitakapofika huwa vigumu kukirejesha. Akikiuza, aghalabu hapati alichotoa.

Mara nyingi hasara ya namna hiyo haisababishwi na fundi. Chanzo chake ni mnunuzi kuagiza gitaa jipya kabla ya kujua lile alilo nalo limepungukiwa na nini.

Gitaa la besi la umeme kama linavyojulikana leo lilianza kuenea baada ya Leo Fender wa California kutoa Precision Bass mwaka wa 1951. Lilikuwa la kiwandani, lenye nyuzi nne na shingo iliyofungwa kwa skrubu ili iweze kubadilishwa ikiharibika. Sehemu ya uzi inayotetema ilikuwa na urefu wa inchi 34, yaani takriban sentimita 86, kipimo ambacho magitaa mengi ya besi yangali yanafuata.

Anayedhani kwamba sauti nzuri hununuliwa na amfikirie James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za kampuni ya Motown mjini Detroit katika miaka ya 1960. Gitaa lake lililojulikana zaidi lilikuwa Precision ya mwaka wa 1962, la kawaida kabisa, lenye nyuzi nene za uso laini ambazo hakupenda kuzibadilisha. Alizikwanyua kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kulia. Wapiga besi wa nchi nyingi wangali wanajifunza kutokana na aliyoyafanya kwa kidole hicho.

Hata hivyo, wapo waliokuwa na haja ambayo hakuna kiwanda kilichoweza kuitimiza. Mmoja wao ni Anthony Jackson wa New York, aliyetaka gitaa la nyuzi sita linaloshuka chini na kupanda juu kuliko la kawaida. Fundi Carl Thompson alimtengenezea mwaka wa 1975. Lakini Jackson hakuridhika na jinsi nyuzi zilivyokaribiana, akaendelea kutafuta. Baadaye alifanya kazi kwa miaka mingi na karakana ya Fodera ya Brooklyn, iliyoanzishwa mwaka wa 1983, na akatumia gitaa lenye urefu wa inchi 36.

Ikumbukwe kwamba mtu huyo alijua hasa alichokitaka, na bado gitaa la kwanza halikumkidhi.

Je, mpiga besi wa Kenya anaweza kuwa na haja ya kweli namna hiyo? Naam. Mfano ulio karibu ni wa makanisani, ambako nyimbo nyingi za sifa hupigwa katika funguo za E-flati na D-flati zinazopendwa na wapiga kinanda. Uzi mnene kuliko yote katika gitaa la nyuzi nne hutoa noti ya E, inayotetema mara 41 hivi kwa sekunde. Noti za E-flati na D-flati ziko chini kidogo tu ya hapo. Mpiga besi hulazimika kuzipiga juu, hatua nane kamili, na wimbo ukakosa msingi pale waimbaji wanapouhitaji.

Uzi wa tano, unaotoa noti ya B yenye mitetemo 31 hivi kwa sekunde, humwondolea tatizo hilo. Lakini uzi huo ndio unaowapambanua mafundi. Katika gitaa lililotengenezwa ovyo hulegea na kuvuma bila kueleweka ni noti gani. Ndiyo sababu mafundi wengi hurefusha shingo hadi inchi 35 ili uzi ukazike zaidi. Mwenye mikono mifupi ataulipia urefu huo kwa maumivu ya kifundo, kwa hivyo heri aujaribu kwanza kwa gitaa la kuazima.

Kwa upande mwingine, anayepiga benga au rhumba huenda asihitaji uzi wa tano hata kidogo. Waliosikiliza Sina Makosa ya Les Wanyika wanafahamu jinsi besi ya Tom Malanga inavyoubeba wimbo. Uzuri wake uko katika mpangilio wa noti na nafasi zilizoachwa baina yake, wala si katika kina.

Baada ya nyuzi, jambo linalostahili kupimwa ni mwili wa mpigaji. Gitaa la kilo tatu na nusu na lile la kilo tano hayatofautiani sana dukani. Tofauti huonekana saa tisa za usiku katika mkesha, mkanda ukiwa umekata bega. Pia kuna magitaa ambayo shingo yake huinama kila mkono unapoiachilia, hata mpigaji akawa anaishikilia badala ya kuipiga. Kasoro hii haionekani kwenye picha, na picha ndizo zinazowashawishi wanunuzi wengi.

Picha hizo huvutia zaidi kwa sababu ya mbao, na hapa Afrika inaingia. Mti wa wenge hutoka katika misitu ya Kongo, Gabon na Cameroon. Bubinga nao ni wa Afrika ya kati na magharibi. Kampuni ya Warwick ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka wa 1982, ilijijengea jina kwa mbao hizo. Kwa hivyo Mwafrika anayeagiza gitaa kama hilo huenda analipia mti uliosafiri hadi Ulaya na kurudi ukiwa na nyuzi.

Mahitaji yalipozidi, biashara ya bubinga na ya miti yote ya jenasi ya Dalbergia, ambamo mpingo wetu umo, iliwekewa masharti ya mkataba wa kimataifa wa CITES kuanzia Januari 2017. Ala za muziki zilizokwisha kutengenezwa zililegezewa masharti hayo mwishoni mwa 2019. Dalbergia ya Brazil haikulegezewa. Imo katika orodha kali zaidi tangu 1992, na gitaa lenye kipande chake linaweza kuzuiwa mpakani likikosa hati.

Je, mbao hizo huleta sauti bora? Wapiga gitaa wamebishana kuhusu jambo hili kwa miaka na mikaka. Lisilo na ubishi ni kuwa katika gitaa la umeme lisilo na uwazi ndani, nyuzi, pikapu na vidole vya mpigaji huibadilisha sauti kwa kiwango kinachosikika mara moja, ilhali tofauti ya mbao huhitaji sikio lililonolewa na chumba kimya. Anayelipia ubao wa kupendeza na alipie uzuri wake. Si vibaya kupenda kitu kwa sura.

Fedha zinazolipwa kwa haki zaidi ni za shingo. Nyuzi nne za besi huivuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa mtu mzima, mchana na usiku. Fundi mzuri huchagua mbao zilizokaushwa taratibu, akaunganisha vipande ambavyo nyuzinyuzi zake zinapingana, na kuweka chuma ndani kinachoweza kukazwa au kulegezwa. Kisha husawazisha freti moja baada ya nyingine mpaka uzi uweze kushushwa karibu na ubao bila kukwaruza popote. Kazi hii haipigwi picha.

Pikapu, ambayo hapa si gari bali ni sumaku iliyozungushiwa waya chini ya nyuzi, huweza kubadilishwa wakati wowote, hivyo haifai kuwa sababu ya kuagiza gitaa zima. Magitaa mengi ya oda huwa pia na saketi ya kuongeza sauti inayotumia betri ya volti 9. Katika mengi ya hayo, kuacha waya umechomekwa baada ya ibada ni kuimaliza betri bure.

Mnunuzi mwenye busara huanza na gitaa alilo nalo. Hulipeleka kwa fundi likarekebishwa shingo na daraja, likavikwa nyuzi mpya, kisha akalipiga kwa miezi michache huku akiandika linapomkwaza. Wengi hugundua kwamba walichokosa ni marekebisho hayo tu. Wengine hugundua kuwa kasoro iko kwenye amplifaya, kwani spika ndogo ya inchi nane haiwezi kutoa kwa nguvu kile ambacho uzi wa B unatoa, hata gitaa likiwa la bei gani.

Akiamua kuagiza amplifaya kutoka Marekani, na aangalie umeme kwanza. Ya huko hutumia volti 120, na Kenya ni volti 240. Isiyotengenezwa kuhimili volti 240 inaweza kuungua siku ya kwanza. Spika nazo zina kipimo cha omu. Mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa omu 4, na amplifaya isiyoruhusu kiwango hicho huweza kuharibika.

Bei iliyotajwa na fundi wa ng'ambo pia si bei ya mwisho. Kuna usafirishaji, bima na ushuru wa forodha, halafu kodi ya VAT ya asilimia 16, ambayo hutozwa juu ya jumla ya hayo yote. Mnunuzi asiyeyahesabu mapema huweza kujikuta uwanja wa ndege akiwa na gitaa lake mbele ya macho na asiweze kulichukua.

Likishafika, lisifunguliwe papo hapo. Liachwe ndani ya sanduku lake kwa siku moja lizoee hewa, hasa likienda Mombasa, ambako unyevu ni mwingi kuliko Nairobi. Shingo itasogea kidogo katika wiki za kwanza. Chuma cha ndani kikazwe au kulegezwa kwa robo mzunguko tu, kisha gitaa lipumzishwe hadi kesho yake ndipo lipimwe tena.