Uhuru ya Malindi na fumbo la chembe za angani

MPITA njia anayetoka Barabara ya Kenyatta jijini Nairobi kuelekea Westlands kupitia Chiromo huenda asitambue kwamba kiganja chake hupenywa na chembe moja hivi kila sekunde.

Chembe hizo, ziitwazo muoni, huzaliwa juu angani wakati miale kutoka mbali inapogonga hewa. Victor Hess aliigundua miale hiyo mwaka wa 1912 akiwa ndani ya baluni. Tangu hapo wataalamu wamejiuliza: ni nini huirusha kwa nguvu kiasi hicho?

Kenya ilichangia katika kutafuta jibu. Mnamo Desemba 12, 1970, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilipewa jina Uhuru kwa heshima ya sikukuu hiyo, nayo ikawa ya kwanza kutengewa kazi ya kuchunguza eksirei za angani. Orodha yake ilifikia vyanzo 339.

Kimojawapo ni wingu la Crab, mabaki ya nyota ambayo Wachina waliiona ikilipuka mwaka wa 1054. Katikati yake mna nyota ndogo inayozunguka mara 30 hivi kwa sekunde, ikitoa upepo wa chembe wenye kasi inayokaribia ile ya mwanga.

Upepo huo unapozuiwa na gesi iliyo mbele, hutokea wimbi la mshtuko, kama magari ya Waiyaki Way yanapokumbana ghafla na msongamano. Chembe chache hurushwa huku na huko na nguvu za sumaku, mithili ya mpira kati ya kuta mbili zinazokaribiana. Kila zinapovuka wimbi, huongeza nishati.

Hata hivyo, kuna tatizo. Katika kasi hiyo, sumaku iliyonyooka huzikokota chembe nyuma ya wimbi zisiweze kurudi. Ni pale tu sumaku inapovurugika ndipo baadhi hupata nafasi ya kuvuka tena. Wataalamu wengine hushikilia kwamba nishati hutokana na nyuzi za sumaku zinazokatika na kuungana upya.

Mwaka wa 2021, mtambo wa LHAASO nchini Uchina uliripoti mwanga wa Crab wenye nishati inayozidi mara 100 ile ya protoni za CERN. Nadharia yoyote itakayokubaliwa sharti ieleze mwanga huo, na fumbo ambalo Uhuru ilisaidia kulifungua lingali hai.