Mfanyakazi Aumiapo Kazini

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu tukimaliza masomo tutaajiriwa: wengine migodini Nyamongo, wengine katika hoteli za mbuga ya Serengeti, wengine kwenye mashine za nafaka hapa hapa kwetu Nyansurura. Yafaa basi tujue mapema haki ya mtu aumiapo kazini.

Zamani ilitumika sheria ya mwaka 1949, ya wakati wa Waingereza. Malipo yake ya juu kwa aliyepata kilema cha maisha yalikuwa shilingi 108,000, mara moja tu. Siku hizi fedha hizo hazinunui hata ng'ombe.

Mwaka 2008 Bunge lilitunga sheria mpya, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi Julai 2015. Mwajiri ndiye atoaye mchango, wala haruhusiwi kuukata katika mshahara wa mtu. Mfuko hulipia matibabu. Mgonjwa asipoweza kufanya kazi hulipwa asilimia 70 ya mshahara, kwa muda usiozidi miezi 24. Kilema cha maisha kikizidi asilimia 30, hupata pensheni kila mwezi. Akifa, wategemezi wake hulipwa.

Lakini haki haiji yenyewe. Baba yangu mdogo alikatwa vidole viwili na mashine ya kukoboa. Mwajiri wake alimpa fedha kidogo za dawa, akamwambia akapumzike nyumbani. Habari ile haikuandikwa popote. Dai hupelekwa kabla ya miezi 12 kupita, naye alisikia juu ya Mfuko mwaka wa tatu. Leo anachunga ng'ombe wa watu.

Basi shikeni mambo matatu. Kwanza, ukiumia mwambie msimamizi siku ile ile, mbele ya mashahidi. Pili, tunza karatasi zote za hospitali. Tatu, mwajiri anapaswa kuupasha Mfuko habari katika siku saba. Akinyamaza, nenda mwenyewe au umtume ndugu yako.

Na sisi tutakaokuwa waajiri tukumbuke kwamba kilema si mwisho wa kazi. Sheria ya mwaka 2010 yataka mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri watu wenye ulemavu, wasiopungua asilimia 3. Aliyepoteza vidole viwili aweza kutunza ghala, kupima magunia na kuandika hesabu. Anachohitaji ni kupewa kazi inayomfaa.