Gari la haibridi linapoanza kula mafuta: pima kwanza, nunua baadaye

Katika daftari la matumizi ya nyumba, mke wangu huandika kila lita ya petroli inayoingia katika gari letu. Ni yeye aliyegundua maradhi kabla yangu. Gari ambalo mwanzoni lilikwenda kilomita 19 kwa lita moja, kufikia mwezi wa Shaaban lilikuwa linakwenda 12. Fundi wa kwanza tuliyemwendea hakufungua hata boneti. Alitazama pembetatu nyekundu iliyowaka kwenye dashibodi, akasema betri kubwa imekufa, na bei aliyoitaja ilikaribia ada ya mwaka mzima ya watoto wetu wawili.

Familia nyingi za hapa Kariakoo na Ilala zinamiliki magari ya namna hii, nayo sasa yanazeeka. Nimeona ni wajibu kuwasimulia wasomaji tuliyojifunza, kwani haraka ya fundi yule nusura itugharimu ada hiyo.

Gari lenye nguvu mbili

Gari letu ni Toyota Prius ya kizazi cha pili, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 2003. Kama mengi yanayoteremshwa bandarini kwetu, lilitumika Japani kwa miaka kabla ya kufika Dar es Salaam. Lina injini ya petroli na mota ya umeme. Ukikanyaga breki, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme katika betri kubwa iliyo nyuma ya kiti cha abiria. Ukisimama kwenye foleni, injini huzimika na umeme huo hubeba kazi, pamoja na kiyoyozi.

Kutokana na utaratibu huo ipo alama ya kwanza ya uchunguzi. Gari zima la haibridi hustahimili foleni vizuri kuliko gari la kawaida. Likianza kula mafuta hasa kwenye foleni, na injini ikawa inawaka kila baada ya dakika chache ili kuchaji, shuku betri kubwa. Likiwa linakula mafuta hata katika barabara iliyo wazi, anza na mambo mepesi.

Mambo mepesi kwanza

Fundi wa pili, mzee mmoja wa Gerezani, alituanzishia huko. Alipima upepo wa matairi na kuulinganisha na kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva; matairi matatu yalikuwa chini. Alitoa eya klina, ikawa nyeusi kwa vumbi. Kisha alinyanyua gari na kuzungusha kila gurudumu kwa mkono. Moja la nyuma lilikuwa zito, kwa kuwa breki yake ilikuwa imeganda. Alieleza kwamba katika magari haya mota ndiyo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza mwendo, hivyo breki zenyewe hutumika kidogo, na katika hewa yetu ya chumvi hushika kutu na kukwama.

Akapima pia betri ndogo ya volti 12. Hii haiwashi injini, bali huamsha kompyuta za gari. Ikidhoofika, taa za onyo huweza kuwaka ovyo, na mwenye gari akadhani betri kubwa imeharibika. Yetu ilikuwa nzima.

Betri kubwa inavyopimwa

Baada ya hapo ndipo alipochomeka mashine ya kupimia. Ilionyesha kosa namba P0A80, ambalo maana yake ni kwamba betri kubwa imedhoofika. Lakini hakuishia kwenye namba hiyo.

Betri ya Prius yetu ina vipande 28 vya volti 7.2 kila kimoja, jumla volti 201.6. Kompyuta huvisoma viwili viwili, yaani makundi 14. Kila kipande kina seli sita za volti 1.2. Alimtaka kijana wake aendeshe na kukanyaga mafuta kwa nguvu huku yeye akitazama namba. Makundi 13 yalishuka pamoja na kubaki juu kidogo ya volti 14. Moja lilianguka chini ya 13. Pengo la zaidi ya volti moja, alisema, ni dalili ya seli moja iliyokufa ndani ya kundi hilo.

Sababu je? Alituonyesha tundu la kuingiza hewa pembeni mwa kiti cha nyuma. Feni huvuta hewa hapo ili kuipoza betri. Sisi kwa miaka tulikuwa tukisukumia hapo mikeka iliyokunjwa na mifuko ya juzuu za madrasa. Feni ilikuwa imejaa nyuzi na vumbi. Betri ilipikwa kwa joto, nasi wenyewe ndio tulioziba pumzi yake.

Hapa natoa tahadhari: usifungue betri hiyo mwenyewe. Nyaya zake za rangi ya chungwa hubeba umeme unaoua. Fundi mwenye ujuzi huzima gari, huchomoa plagi ya usalama akiwa amevaa glavu maalumu, na husubiri angalau dakika 10 kabla ya kugusa chochote.

Alibadilisha vipande viwili vya kundi lile kwa vilivyotumika vyenye nguvu inayolingana na vingine, akasafisha feni na kufungua breki. Sasa tunapata kilomita 17 kwa lita. Hakutuficha: vipande 26 vilivyobaki vina umri ule ule, na hiki ni kiraka.

Na anayeuza je?

Tukaamua kuliuza. Dalali akashauri kumbukumbu ya makosa ifutwe kwa mashine, kisha tukae kimya. Mnunuzi aliyemleta ni kijana aliyechukua mkopo ili abebe abiria.

Nakiri kwamba nilisita siku mbili, kwani tofauti ya bei ilikuwa kubwa. Lakini mimi ni katibu wa kamati ya msikiti, nami nimesoma chuoni mlango wa khiyari ya aibu: mnunuzi akikuta kasoro iliyofichwa, ana haki ya kurudisha mali. Nikakumbuka pia yule muuza chakula katika soko la Madina, ambaye Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika rundo lake akakuta unyevu chini, akamwambia auweke juu watu wauone. Betri iliyo nyuma ya kiti haina tofauti na chini ya rundo.

Nilimkabidhi kijana karatasi ya vipimo, pamoja na simulizi la mikeka. Alishukuru, akaomba muda wa kufikiri. Hadi naandika haya, gari lingali uani, na tundu la hewa liko wazi.