Njia ya kamusi ya Kihaya kuingia Debian

Mwenye mfumo endeshi huria wa Debian anaweza kusakinisha kifurushi cha hunspell-sw, na tahajia yake ya Kiswahili ikakaguliwa ndani ya LibreOffice. Akiandika Kihaya, karibu kila neno linapigiwa mstari mwekundu. Kijana wa Bukoba au Muleba anayetaka kuchangia programu huria aanzie hapo, kwa kifurushi kidogo chenye faida kwa watu wake.

Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993 na huendeshwa na watu wanaojitolea. Ghala lake lina vifurushi zaidi ya 60,000, na mfumo wa Ubuntu huchota vyake vingi humo.

Kamusi ya Hunspell, programu inayokagua tahajia, ni faili mbili tu: moja ya maneno, nyingine ya kanuni za viambishi. Ya pili ndiyo inayohitaji mjuzi wa lugha. Kanuni moja inayogeuza eki- kuwa ebi- inatosha kuzalisha ebitabo kutoka ekitabo, na majina mengine mengi ya ngeli hiyo.

Mgeni huogopa ufundi, lakini vifurushi vingi hukwama kwenye haki miliki. Ukinakili maneno ya kamusi iliyochapishwa bila idhini ya mwenyewe, kazi yako itakataliwa, na ni haki ikataliwe. Kusanya mwenyewe kwa wazee wa Ihangiro na wa Kiziba, kwa sababu lahaja zinatofautiana, na uwaeleze mapema kwamba yeyote ataruhusiwa kuitumia kazi hiyo, hata kibiashara. Leseni inayozuia biashara haiingii katika sehemu kuu ya Debian. Wenye haki na leseni zao huandikwa katika faili iitwayo copyright, na hiyo ndiyo ningeishughulikia kabla ya nyingine yoyote.

Kabla ya kufungasha, tangaza nia kwa ripoti ya ITP ili watu wawili wasifanye kazi moja. Kisha andaa folda ya debian: control ya maelezo, changelog ya historia, rules ya ujenzi. Jenga kifurushi katika mazingira safi kwa sbuild, halafu ukikague kwa lintian. Mazingira hayo hupakua data nyingi mara ya kwanza, basi yatayarishe ukiwa mjini penye mtandao mzuri kabla ya kurudi Nshamba au Kamachumu.

Mgeni haruhusiwi kuingiza kifurushi ghalani moja kwa moja. Hukitia sahihi kwa ufunguo wake wa GPG, hukiweka kwenye tovuti ya mentors, na huomba mdhamini kwa ripoti ya RFS. Mdhamini akikirudisha na masahihisho, shukuru, anakusomea bure. Akiridhika, kinaingia foleni ya NEW, ambako wasimamizi wa ghala hupitia leseni upya. Huko kinaweza kukaa siku chache au miezi.

Jambo moja huwachanganya wengi: upakiaji wa kwanza lazima uwe na faili zilizokwisha kujengwa, lakini kifurushi hakitahamia testing, tawi linaloandaa toleo thabiti lijalo, mpaka upakie tena msimbo chanzo peke yake. Toleo thabiti hutoka takribani kila baada ya miaka miwili; Debian 13 ilitoka Agosti 2025. Ukitaka Kihaya kiwemo katika linalofuata, anza kukusanya maneno sasa.