Moshi unaomfikia mtoto tumboni

Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York, walianza kuwapa akina mama wajawazito begi la mgongoni lenye chombo cha kupima hewa. Mama alilibeba kwa siku mbili, na usiku aliliweka karibu na kitanda chake. Akina mama hao waliishi kaskazini mwa Manhattan na katika eneo la South Bronx, na hawakuwa wavutaji wa sigara.

Kilichokuwa kikitafutwa ni kemikali zinazotokana na moshi wa magari, makaa ya mawe na kitu chochote kisichoungua sawasawa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha kuwa watoto ambao mama zao walivuta zaidi kemikali hizo walikuwa nyuma ya wenzao kwa pointi 4 na ushei katika vipimo vya akili, walipofikisha umri wa miaka 5. Kwa mtoto mmoja pengo hilo huenda lisionekane. Kwa mji mzima ni jambo jingine.

Kondo la nyuma halizuii kila uchafu. Mwaka 2019 watafiti nchini Ubelgiji walikuta chembe za masizi katika kondo, upande wa mtoto. Mwaka 2022, wakishirikiana na wenzao wa Scotland, walizikuta hata katika ubongo wa vijusi.

Je, madhara hayo yanazuilika? Jibu moja lilipatikana Tongliang, nchini China, palipokuwa na mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliowashwa kila mwaka kuanzia Desemba hadi Mei, umeme wa maji unapopungua. Mtambo huo ulifungwa mwaka 2004. Miongoni mwa watoto waliozaliwa mwaka 2002, wale waliokuwa na athari nyingi za kemikali hizo katika damu ya kitovu walichelewa katika ukuaji wa viungo walipofikisha miaka 2. Kwa waliozaliwa mwaka 2005, uhusiano huo haukuonekana tena.

Habari za jikoni si nyepesi hivyo. Wajawazito wapatao 3,200 wa Rwanda, Guatemala, India na Peru walishirikishwa katika jaribio ambapo nusu yao walipewa majiko ya gesi, na gesi yenyewe, bila malipo. Moshi ulipungua sana. Hata hivyo, matokeo ya mwaka 2022 hayakuonyesha tofauti ya maana katika uzito wa watoto waliozaliwa.

Wanawake hao walijiunga mimba ikiwa na wiki 9 hadi 19. Kabla ya hapo walikuwa wakipikia nishati kama kuni na mkaa.