Mkate wa Kila Siku na Kazi ya Mchambuzi wa Sheria za Tabianchi

Utangulizi

Tunapofundisha Katekisimo Ndogo, ambayo Dakta Martin Luther aliitoa mwaka 1529, wengi wetu hulipita haraka ombi la nne la Sala ya Bwana. Twasema kwamba mkate ni chakula, kisha twaendelea mbele. Lakini Luther, alipoeleza maana ya mkate wa kila siku, aliingiza ndani yake yote yanayohitajika kwa maisha ya mwili, na miongoni mwa hayo alitaja serikali njema na hali njema ya hewa. Mambo hayo mawili, ambayo tumezoea kuyatenga, yamekutana siku hizi katika kazi moja isiyofahamika sana kwetu, nayo ni kazi ya mchambuzi wa sera na sheria za mabadiliko ya tabianchi serikalini. Katika makala hii tunakusudia kueleza kazi hiyo ni ipi, hufanywaje, na kwa nini inalihusu Kanisa. Mifano yetu tutaichukua katika wilaya za Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani.

1. Kazi yenyewe

Ili kuielewa kazi hii, yatupasa kwanza kujua kwamba neno la serikali hushuka kwa ngazi. Ngazi ya juu ni mkataba wa kimataifa. Kwa mfano, Mkataba wa Paris ulikubaliwa mwaka 2015, na Tanzania ikauridhia mwaka 2018. Kwa mujibu wa Ibara ya 63 ya Katiba yetu, Bunge ndilo linalojadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Ngazi ya pili ni sera, ambayo hutamka nia ya serikali. Ya tatu ni sheria. Hapa tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo katika kifungu cha 75 inamwagiza Waziri mwenye dhamana ya mazingira kuchukua hatua kuhusu mabadiliko ya tabianchi, kwa kushauriana na wizara nyingine zinazohusika. Ya nne ni kanuni, ambazo Waziri huzitunga chini ya sheria, kama zile za biashara ya kaboni za mwaka 2022. Ya mwisho ni sheria ndogo za halmashauri na za vijiji.

Mchambuzi ni mtumishi anayezisoma ngazi hizi zote pamoja. Wengine wamo katika Ofisi ya Makamu wa Rais, inayosimamia mazingira, na wengine katika wizara mbalimbali na katika ofisi za Bunge. Yeye hatungi sheria, wala haipitishi. Muswada huandikwa na waandishi wa sheria wa serikali, hupitishwa na Bunge, na huwa sheria Rais anapoukubali. Lakini kabla ya hayo yote, mchambuzi huandika waraka, na katika waraka huo hujibu maswali manne. Je, tatizo hasa ni nini? Je, ipo sheria nyingine inayoligusa tayari? Je, ni nani atakayebeba gharama ya agizo hili? Na je, ni nani atakayelisimamia, na kwa fedha ipi? Swali la tatu ndilo zito kuliko yote, na ndilo linalosahauliwa upesi.

2. Mfano wa mkaa

Wilayani Kisarawe iko misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi, na msitu wa Ruvu Kusini umeenea katika wilaya zote mbili, Kisarawe na Kibaha. Misitu hii iko karibu sana na Dar es Salaam, mji ambao kwa miaka mingi umepika kwa mkaa. Kwa hiyo shoka limeingia humo, ijapokuwa ni hifadhi. Miti inapokatwa na kuchomwa, hewa ukaa iliyokuwa imetunzwa ndani yake hurudi angani, na udongo hubaki wazi.

Mwezi wa Januari 2006 serikali ilipiga marufuku mkaa, na baada ya muda mfupi ikalegeza agizo hilo. Sababu haikuwa ugumu wa moyo wa wananchi. Mamilioni ya watu mjini hawakuwa na nishati nyingine ya kupikia siku ile, na watu wa vijijini hawakuwa na fedha nyingine ya kununulia chumvi na sare za shule. Agizo lilikuwa na nia njema, lakini swali la tatu lilikuwa halijajibiwa.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 umefuata njia nyingine. Umeweka lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, yaani umekubali kwamba jambo hili huhitaji miaka. Kabla yake, serikali iliziagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 2024. Yafaa kukumbuka kwamba Waziri aliyesimamia mazingira wakati wa agizo hilo, Selemani Jafo, alikuwa pia mbunge wa Kisarawe. Hivyo agizo liliwagusa na wachomaji mkaa wa jimbo lake mwenyewe.

Mfano wa pili ni maji. Mlandizi, wilayani Kibaha, uko mtambo wa Ruvu Juu unaopeleka maji Dar es Salaam. Katika ukame wa mwaka 2022 mto ulipungua, na mji ukaingia katika mgao. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inayatanguliza matumizi ya nyumbani, kisha mahitaji ya mazingira, na shughuli nyingine hufuata. Hili ni pangilio la haki. Lakini mkulima wa bustani kando ya mto hulisikia siku anapoambiwa aifunge pampu yake. Mchambuzi mwema humkumbuka huyo mkulima kabla ya ukame kufika.

3. Kanisa linahusikaje?

Nabii Isaya, katika sura ya 10, aya ya 1 na ya 2, anatamka ole juu ya wanaoweka amri zisizo za haki na kuwanyima maskini haki yao. Tuangalie kwamba hakuishia kwa wenye kutoa amri. Aliwataja na waandishi. Kumbe hata yule anayekaa mezani na kalamu, asiyejulikana na watu, anasimama mbele za Mungu kwa yale anayoyaandika. Nasi Walutheri tumefundishwa kwamba kila kazi halali ni wito ambao kwao Mungu humhudumia jirani. Basi kazi hii nayo ni wito.

Sharika zetu katika eneo hili si ngeni. Wamisionari wa Kijerumani walianza kazi Kisarawe mwaka 1892, na Maneromango mwaka 1895. Hata hivyo, ukongwe haukutuzuia kukosea. Tulipotembelea usharika mmoja wilayani Kisarawe, tulihubiri juu ya uumbaji na dhambi ya kuharibu misitu. Baada ya ibada mzee mmoja alituambia kwa upole, "Baba Mchungaji, tumesikia kwamba tuache. Tukiacha, tutakula nini? Hilo hamkulisema." Tulinyamaza, kwa maana hatukuwa na jibu. Tena, wakati tukihubiri hivyo, jiko la chuo tulimofundisha lilikuwa bado linawaka kuni. Tulikuwa tumewatwika wengine mzigo ambao sisi wenyewe hatukuugusa.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, majiko ya shule, vyuo na hospitali zetu yatii agizo, ili neno letu lipate uzito. Pili, wachungaji wajifunze kuusoma muswada. Kamati za Bunge hualika wadau kutoa maoni, na maoni yenye hoja na mfano wa kweli kutoka kijijini humsaidia mchambuzi aliye mbali na kijiji. Tatu, wakristo wahimizwe kuingia katika kamati za mazingira za vijiji, ambazo sheria ya mwaka 2004 inazitambua. Nne, vijana wetu wanaosomea sheria, uchumi na misitu waambiwe wazi kwamba wanaweza kumtumikia Mungu katika ofisi hizo.

Hitimisho

Hatusemi kwamba mchungaji awe mwanasheria, wala kwamba Kanisa litawale nchi. Tunasema kwamba asiyejua jinsi sheria inavyozaliwa hana budi kuipokea ikiwa imekwisha kukomaa, na maskini wa usharika wake ndio watakaoilipia. Yule mzee wa Kisarawe aliuliza swali lile lile ambalo mchambuzi hupaswa kuuliza. Tofauti ni kwamba mmoja ana kalamu na mwingine hana. Katikati yao iko nafasi, na hapo ndipo mchungaji anapoweza kusimama. Basi tutakapoomba tena mkate wetu wa kila siku, tuwakumbuke wote wawili.